Jiwe Ndani ya Chujio la Chai

Nyemo,

Nimekasirika. Naanza na hilo ili usihangaike kulitafuta huko mbele. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua: neno la kwanza nasema, la pili nafoka, la tatu nimeshasahau nilichotaka kusema na mama yako ameshatoka nje kujifanya anaangalia kuku. Kwa hiyo nimengoja muende gulioni. Nimekaa hapa barazani na daftari lako la chuo, na dumu la maji ulilolichora mistari kwa kalamu nyekundu, naandika. Saa nane mchana sasa. Mkirudi barua utaikuta juu ya lile begi lako, ambalo juzi lilikuwa limefungwa na leo asubuhi nimelikuta limefunguliwa na nguo zimerudi kwenye kamba.

Ndiyo, nimeliona. Naumwa figo, siumwi macho.

Na kabla ya begi kulikuwa na simu. Yule mama wa Mtera, mwenye chumba cha baridi cha samaki, alinipigia jana wakati unafua. Namba yangu uliiandika mwenyewe kwenye karatasi zake, mahali pa mzazi. Alinisalimia vizuri, akanipa pole ndefu. "Pole sana baba Nyemo. Binti kaniambia hali yako ni mbaya, hataweza kuja. Sasa nauliza tu, nimpe mtu mwingine ile nafasi? Maana samaki wangu hawajui kama kuna mgonjwa." Nikamwambia hali yangu si mbaya, na binti atafika keshokutwa kwa basi la asubuhi la Iringa. Akasema, "Haya. Akinifikia kabla ya saa saba, kazi yake. Asipofika nitaelewa." Nikamshukuru, nikakata simu. Tangu hapo sijasema kitu, si kwako wala kwa mama yako.

Miaka miwili ulisoma ufundi wa majokofu, msichana pekee kwenye karakana ile. Watu wa hapa Chamwino walinicheka, wakasema nimempeleka binti kujifunza kuziba matundu ya friji. Miezi minane umekaa hapa nyumbani ukitengeneza mafriji ya soda ya wauza duka, wanakulipa kwa soda. Sasa umepata kazi yenyewe, chumba kizima cha baridi chini ya mikono yako, nawe unaikataa kwa sababu ya jiwe ambalo limeshatoka! Jiwe lenyewe liko kwenye kiberiti juu ya kabati. Ni dogo kuliko punje ya mtama. Nimekasirika mpaka nimeanza kucheka, na nikicheka kiuno kinauma.

Lakini hasira hiyo niligombana nayo jana mpaka jioni, nikagundua kwamba kila nikiisukuma kwako inanirudia. Kwa sababu Jumapili ulisema neno. Nilikuwa nakataa kunywa maji ya mstari wa nne, nakuambia niko sawa, acha kunisumbua, nawe ukaliweka dumu chini ukaniambia, "Baba, wewe unaweza kufa huku unasema uko sawa."

Nilifoka, unakumbuka. Nilikuambia usinitabirie kifo ndani ya nyumba yangu. Nilifoka kwa sababu ulikuwa umesema kweli. Begi limefunguliwa kwa sababu ya neno hilo. Hubaki ili kuniuguza, unabaki kwa sababu huniamini. Na ukiondoka huku huniamini, hata ukiwa Mtera utakuwa bado uko hapa mlangoni, unasikiliza kama nimeanguka. Kwa hiyo leo nitafanya kitu ambacho sijamfanyia mtu yeyote, hata mama yako katika miaka yote hii. Nitakuambia ukweli kuhusu mwili wangu.

Ile Jumamosi uliyonikuta nimejikunja kwenye njia ya chooni, jasho linanitoka kama nimemwagiwa ndoo, haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya nne.

Ya kwanza ilinikuta juu ya jukwaa, tunapiga lipu nyumba ya mkubwa mmoja kule mjini. Upande wa kushoto wa kiuno ulishikwa, maumivu yakashuka mpaka kwenye paja. Nilikumbatia nguzo ya jukwaa. Wenzangu wakauliza, "Vipi mzee Yohana?" Nikasema nimeteleza. Ya pili nilikuwa kanisani, nikatoka katikati ya mahubiri, nikamwambia mama yako nimeenda kupokea simu. Nilitapika nyuma ya jengo la shule ya Jumapili. Ya tatu sikuweza hata kutafuta uongo, nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikavimeza na mate. Na mate, Nyemo! Maji yalikuwepo hatua tano.

Na katikati ya mara hizo zote, mkojo ulikuwa umegeuka rangi. Nikaona. Nikamwaga maji chooni haraka ili mwingine asione. Mtu mzima ninayesimamia vijana wa watu kwenye majengo, najificha chooni kama mwizi wa kuku.

Jumamosi ile ukanibeba. Bodaboda moja, dereva mbele, mimi katikati, wewe nyuma umenikamata kwa mikono miwili, mshikaki wa aibu mpaka hospitali. Njia nzima nilikuwa nakuambia, "Niteremshe, imepoa." Haikuwa imepoa. Nilitaka tu nisionekane na watu wa kijiweni nikiwa nimeshikiliwa na binti yangu.

Yule daktari, binti wa umri wako, alinisalimia shikamoo kwa heshima, kisha akaniuliza, "Baba, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Nikasema, "Ya kutosha."

Wewe ukasema, "Hanywi."

"Nakunywa chai," nikasema.

"Kikombe kimoja, asubuhi," ukasema. "Mpaka jioni hana kingine."

Nilikukodolea macho. Ningekuwa na nguvu ningekutoa nje. Daktari akaandika, hakunicheka. Baada ya kipimo akatuonyesha kwenye kioo kidoa cheupe ambacho mimi sikukiona, nikaitikia tu. Akasema jiwe ni dogo, litapita lenyewe kama nitakunywa lita tatu kwa siku, na kila nikienda haja ndogo nichuje, jiwe likitoka lipelekwe likapimwe ni la aina gani. "Kuchuja na nini?" nikauliza. Akasema, "Chujio lolote la nyumbani, baba, hata la chai."

Hapo ndipo nilipomkasirikia Mungu kidogo. Mama yako ana chujio moja, lenye mpini wa bluu, alinunua mnadani tukiwa hatujazaa. Siku mbili nilikuwa nakwenda chooni nalo nimelificha chini ya shati, na majirani wanaingia kunipa pole, kila mmoja na lake. Huyu anasema ni maji ya chumvi ya kisima chetu, kana kwamba yeye anakunywa ya mbinguni. Yule anasema nina mtu ananionea wivu. Nani ananionea wivu, na chujio la chai chini ya shati?

Siku ya pili asubuhi likapita. Sitakueleza maumivu yale, wewe binti. Nitasema tu kwamba nililia kwa sauti, na kwamba mlango ulikuwa umefungwa, na kwamba nilijua umesimama nje kwa sababu niliona vivuli vya miguu yako chini ya mlango. Hukubisha. Nakushukuru kwa hilo. Kisha kikasikika kitu, ti!, kwenye chujio. Mimi niliyebeba mawe ya msingi begani kwa miaka thelathini, nikakitazama kile kipunje cha kahawia nikajisikia kama nimetukanwa.

Sasa nafika mahali pagumu. Naomba usome polepole.

Siku ile hospitalini tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja. Mimi kitandani na dripu, wewe kwenye kiti cha plastiki. Ulininunulia chupa mbili kubwa za maji. Ulikuwa unanimiminia kwenye kifuniko unaninywesha, kila baada ya muda, unaangalia saa. Mchana kulikuwa na joto lile la kabla ya mvua. Midomo yako ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Nesi mmoja akapita akakutazama, akakuuliza, "Dada, na wewe umekunywa?"

Ukajibu, "Mimi siumwi."

Ukarudisha kifuniko kwenye chupa, ukakaa na chupa mapajani, maji yamejaa, hujagusa tone.

Nyemo, nilikutazama nikashikwa na hasira ambayo haijanitoka mpaka saa hii ninapoandika. Nilimjua yule aliyekaa kwenye kile kiti. Alikuwa ni mimi. Na nyuma yangu alikuwa babu yako.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa mfugaji, na kiangazi chetu unakijua: tulichimba visima kwenye mchanga wa korongo, maji yanachuruzika kidogo kidogo chini, unachota na kata ya kibuyu, unamimina kwenye birika la mti, ng'ombe wanakunywa. Sheria yake ilikuwa moja. Mchungaji hunywa mwisho. Wanyweshe ng'ombe wote, kisha ndama, kisha mbuzi, ndipo wewe. Yakiisha, basi, kesho ni siku. Nilipokuwa na miaka kama kumi nilichota kata ya kwanza nikanywa mwenyewe. Kiu ilinizidi, mtoto mimi. Babu yako hakunipiga. Alininyang'anya ile kata mbele ya wachungaji wenzake, akamwaga maji yaliyobaki mchangani, akasema, "Huyu ni mgeni, hajui ng'ombe ni nini." Siku tatu hakunisemesha. Ningependelea fimbo.

Kwa ng'ombe alikuwa na haki, sitamsingizia. Ng'ombe wakifa sote tungekufa. Lakini hakuniambia sheria ile inaishia wapi, na mimi sikuuliza. Nikaja mjini nikawa fundi, nikakuta nako wanaisifu. Kwenye lipu ukinywa maji utashuka kukojoa, ukishuka lipu inakauka na jua letu hili, mkubwa wa kazi anakuona mvivu. Kwa hiyo fundi hodari hanywi. Nikawa hodari kuliko wote. Sina ng'ombe hata mmoja, Nyemo. Wa babu yako walikwisha kabla hujazaliwa. Na miaka thelathini yote nimekuwa juu ya majukwaa nasubiri ng'ombe wasiokuwepo wanywe kwanza.

Huo ni ujinga wangu, na ningeubeba mwenyewe kimya kimya. Ila nilikupa na wewe.

Unaijua ile hadithi ya Kibakwe. Watu wote wanaijua, nimeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwa wale wenye nyumba ninazowajengea. Tulikuwa tunaenda kwa bibi yako, mama wa mama yako, wewe una miaka tisa. Lori likafia chini ya mlima, tukapanda kwa miguu na jua la saa saba. Ukaomba maji mara moja. Nikakuambia sisi hatulilii maji njiani. Hukuomba tena. Na hapo ndipo huwa nampiga msikilizaji bega: "Miaka tisa! Mlima mzima! Hakuomba tena!" Watu wanakusifu, na wewe unatabasamu, maana ndiyo sifa kubwa niliyokupa maishani.

Kuna sehemu huwa naiacha. Chupa ilikuwepo. Lita moja, ndani ya mkoba wangu, imefungwa kwenye shati ili isipate joto. Nilikuwa naiweka akiba mpaka tufike. Ulikuwa unatembea mbele yangu, shingo yako imejaa vumbi, nami nasikia maji yakigonga mgongoni kwangu kila hatua, nasema moyoni, mtoto huyu anakomaa. Ulipofika ulianguka mlangoni kwa bibi yako, ukatapika. Nikasema umechoka na safari. Bibi yako akanitazama, akasema, "Yohana, umeniletea mjukuu au umeniletea mzigo wa kuni?" Akakuingiza ndani, akakunywesha kwa kijiko. Na mimi nikakaa nje, nikafungua ile chupa, nikanawa miguu.

Nikanawa miguu. Miaka kumi na minne sijamwambia mtu.

Kwa hiyo ulipokaa kwenye kile kiti cha plastiki na midomo iliyopasuka, unanihudumia na wewe hunywi, unasema huumwi, nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumfukua babu yako nimwonyeshe. Nilitaka kujipiga makofi. Badala yake nikafumba macho, na wewe ukadhani nimelala, ukanifunika shuka.

Na sasa unafanya jambo lilelile na maisha yako. Baba kwanza, mama kwanza, kuku kwanza, wewe mwisho, na yakiisha, basi, kesho ni siku. Kesho si siku nyingine, mwanangu. Kesho saa saba mchana yule mama anamwita mtu mwingine. Usije ukaniambia huu ni upendo. Mimi nilikuita hivyo hivyo, upendo, huku natembea na chupa mgongoni.

Sasa ukweli wa leo, kama nilivyokuahidi. Kiuno upande wa kushoto bado kinauma nikiinama na nikikohoa, si yale maumivu ya kisu, ni kama mahali palipopigwa teke. Nikienda haja ndogo inawasha, imepungua kuliko jana. Usiku wa juzi nilitetemeka kidogo, sikusema. Nilipopanda ngazi mbili za baraza asubuhi miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Na naogopa. Daktari alisema lililokuja moja linaweza kuja jingine, nami tangu aseme hivyo kila kitu kikinichoma naganda kama sungura. Hilo la kuogopa mama yako halijui. Nitamwambia akirudi kutoka gulioni, ukiwa umekaa hapo, ili usikie kwa masikio yako kwamba nimesema. Kule kutetemeka nitamwambia pia, na keshokutwa atanipeleka kwa daktari pamoja na lile jiwe. Kwenye jukwaa sipandi mpaka yule binti daktari aniruhusu. Nimeshampigia mkubwa wa kazi, akanuna, nami nikanuna.

Na kila jioni nitakutumia ujumbe. Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima, na nikilifikiria masikio yananiwaka. Baba wa Kigogo, mzee wa kanisa, atamwandikia binti yake rangi ya mkojo wake. Utacheka, cheka. Lakini utajua, na utakuwa umejua kutoka kwangu. Siku nitakayoandika "niko sawa" bila maelezo mengine, pigia mama yako simu, maana nitakuwa nimeanza tena uongo.

Naanza leo. Saa tisa na nusu: kama chai ya rangi iliyozidishwa maji mara mbili, hakuna damu. Maumivu, yapo. Dumu, nimepita mstari wa tatu, na hakuna aliyenisukuma.

Nasikia sauti ya mama yako kule njiani anabishana na mtu, mnarudi. Nguo zako nimezianua kwenye kamba. Nimezikunja vibaya, ndivyo ninavyojua. Kando ya barua hii kuna chupa ya lita moja, nimeijaza mwenyewe, nimeifunga kwenye shati langu ili isipate joto. Unaijua ni ya nini. Nimechelewa nayo miaka kumi na minne.

Usiniite kwanza. Usimuulize mama yako kama amekunywa. Kunywa wewe, hapo hapo uliposimama, mpaka kiu iishe.

Halafu funga begi.

Baba yako